Bati la biskuti: shajara ya kutafuta vifaa vya daftari la michoro, Tanga

7 Januari

Napokea wageni kwenye gesti moja huku Ngamiani, zamu ya usiku. Kati ya saa sita na saa kumi hakuna anayegonga mlango, na miaka miwili sasa muda huo naumalizia kwa kuchora nyuma ya risiti: funguo zilizotundikwa ukutani, feni, kofia ya mlinzi akiwa amesinzia. Risiti zinapotea. Nataka daftari moja, kila ukurasa mchoro mmoja na maneno machache, wino na rangi za maji, litakalovumilia chumvi, joto na masika ya hapa.

Nimejiwekea masharti. Vifaa vyote viingie kwenye bati moja la biskuti. Kinachopatikana Tanga kijaribiwe kwanza, kabla ya kuagiza Dar. Na kila shilingi iandikwe hapa, ili anayetaka kufuata ajue anaingia wapi. Mwenzangu wa zamu ya mchana kanitazama na kusema mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini anayelima kwa jembe lililolegea mpini naye nimemwona.

Nimeanza na vitu vya dukani: kaunta buku ya kwaya mbili 3,500, peni mbili, nyeusi na bluu, 1,000, na rangi za maji za shule zenye brashi yake 4,500. Jumla 9,000.

14 Januari

Kaunta buku imekufa ndani ya wiki. Peni inaandika vizuri tu. Tatizo ni maji. Karatasi inayanywa papo hapo, rangi inatua na kuganda pale brashi ilipogusa, haisukumiki. Nikirudia mara ya pili, uso unaota manyoya. Ukurasa ukikauka unajikunja kama chapati iliyosahauliwa, na upande wa nyuma doa la kijani la mwembe limepitiliza hadi kwenye mchoro wa jana. Mistari iliyochapwa nayo inakata kila uso ninaouchora.

Nimelirudisha kwenye kazi yake: sasa linaandika hesabu za mashuka.

2 Februari

Nimenunua manila tatu, 1,000 kila moja. Muuzaji aliapa ni gramu 200. Hapa nitakaa kidogo, maana hesabu hii imeniokoa mara nyingi tangu nilipoijua.

Gramu zinazotajwa kwenye karatasi ni uzito wa mita moja ya mraba. A4 ni sehemu moja ya kumi na sita ya mita hiyo. Kwa hiyo karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kwa kila A4, na ukipima A4 yoyote kisha ukazidisha kwa 16 umepata jibu, hata kama muuzaji anasema vingine. Nilikata manila zangu kwa kipimo cha A4 nikapata 24, nikaenda nazo duka la viungo lenye mizani ya kidijitali. Kwanza tukapima karatasi 20 za fotokopi ili kuijaribu mizani: gramu 100, haina longolongo. Kisha manila 20: gramu 170. Yaani 8.5 kila moja, mara 16 ni 136. Si 200. Pima nyingi kwa pamoja. Karatasi moja peke yake mizani ya duka haiioni sawasawa.

Sikurudisha. 136 bado ni karibu mara mbili ya fotokopi, na bei ni ile ile.

Siku hiyo hiyo nimeanza jaribio la dirisha. Nimechora mistari na madoa kwenye kipande cha manila, nusu nikaifunika kwa karatasi ya fedha ya sigara, kipande nikakibandika kwenye kioo kinachopigwa na jua la alasiri. Vilivyomo: peni zote mbili, peni ya jeli (1,000), makapeni nyekundu (1,500), kalamu nyembamba ya wino wa chembe, yaani rangi ya unga usioyeyuka, ambao hauchuji ukiguswa na maji (7,000, iliniuma), rangi zote za shule, masizi ya koroboi, udongo mwekundu niliouleta kutoka Muheza kwenye mfuko wa suruali, na manjano ya jikoni kwa udadisi tu. Kaskazi inavuma, mbingu nyeupe, jua la kutosha. Nitalitoa baada ya wiki nane.

Jumla hadi sasa 21,500.

18 Februari

Manila haioti manyoya haraka kama kaunta buku, lakini nayo inakunywa. Kinachoifanya karatasi ya rangi za maji iyaache maji yakae juu kidogo kabla ya kuzama ni gundi nyepesi iliyolishwa kiwandani, mara nyingi jelatini. Jelatini sikutaka kuigusa bila kujua imetoka kwa mnyama gani. Watengeneza karatasi wa zama za kale kwenye nchi za Kiislamu walitumia wanga, kisha wakasugua kwa jiwe laini hadi karatasi ikang'aa na kalamu ya utete ikateleza. Wanga tunao.

Nilivyofanya: kijiko kimoja cha chai cha wanga wa muhogo, kikombe cha maji, moto mdogo huku nikikoroga mpaka ukawa uji wa kupenya mwanga. Nikapaka kwa brashi ya ukutani ya inchi mbili, upande mmoja, nikaanika kwenye kamba kwa vibanio, kesho yake upande wa pili. Kisha nikazilaza chini ya godoro usiku mmoja, na nikasugua kwa kauri. Ndiyo, kauri ya pwani, ile ya kuchezea bao. Mgongo wake ni laini kuliko chochote nilichonacho nyumbani.

Mara ya kwanza nilikosea: uji ulikuwa mzito, kijiko kilichojaa mlima. Karatasi ilikauka na ngozi inayopasuka ukiikunja. Kijiko cha kufuta, basi.

Matokeo yake ni makubwa kuliko nilivyotegemea. Rangi ile ile ya shule, brashi ile ile, sasa inasukumika. Nimechora bahari ya Raskazone kwa rangi moja ikififia kuelekea upeo, na haikuganda. Wanga 1,000, brashi 2,500. Jumla 25,000.

9 Machi

Mende.

Wameanza kwenye kona, wakala wanga wote kwa usafi wa ajabu, na kwenye karatasi mbili wamekula hadi katikati. Ndiyo bei ya kupaka chakula kwenye karatasi. Nikaweka majani ya mwarobaini katikati ya kurasa, kama bibi anavyofanya kwenye mtama. Mende walipungua, lakini majani mabichi yaliacha madoa ya kahawia yenye umbo la jani kwenye karatasi sita. Mojawapo nimeichorea mwarobaini juu yake, imependeza, zingine tano hasara.

Dawa halisi ni bati la biskuti lenye mfuniko unaobana. Nilikuwa nalo tangu mwanzo, likiwa na sindano za mama.

30 Machi

Nimelitoa jaribio la dirisha. Nimeondoa karatasi ya fedha na kulinganisha nusu mbili.

Manjano yametoweka. Si kwamba yamepauka, yametoweka, na nadhani yalikwenda ndani ya wiki mbili za kwanza, maana niliona mapema. Makapeni nyekundu imebaki kama midomo ya mtu aliyekunywa soda asubuhi. Peni ya bluu imepauka sana, nyeusi imegeuka rangi ya zambarau iliyochoka. Waridi ya shule haipo. Vilivyosimama bila kutikisika: masizi, udongo wa Muheza, na ile kalamu ya 7,000.

Sababu ni moja. Peni, makapeni na manjano ni rangi za kuyeyuka, na jua linazivunja. Masizi ni kaboni, wekundu wa udongo ni kutu ya chuma. Jua limeshavipiga vya kutosha kabla yangu.

Kwa maji mpangilio ni mwingine. Peni ya kawaida, kwa kuwa wino wake ni wa mafuta, haisambai kabisa ukipitisha brashi juu, ingawa ni ya 500. Peni ya jeli inayeyuka na kuchafua ukurasa mzima. Kwa hiyo peni nyeusi nimeiweka kwenye bati: daftari linafungwa, halikai juani. Ukitaka kutundika mchoro ukutani, usiitumie.

13 Aprili

Masizi yalinipa kiburi. Nikaamua kutengeneza wino wangu, na makosa matatu nikayafanya kwa mpigo.

La kwanza. Masizi yanahitaji gundi. Nilienda dukani nikaona vipande vya kupenya mwanga, vya rangi ya asali iliyofifia, nikanunua vya 2,000. Nikaviloweka usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama tui, na chini vipande vingine vimegoma kuyeyuka. Nikanusa. Ubani. Ubani una gundi ndani yake lakini una na utomvu usiokubali maji, ndiyo ule weupe. Ninachohitaji ni gundi ya mgunga, ile inayotoka sana Sudan. Ipo kwenye duka lile lile, rafu ya chini, 5,000. Njia ya kuvitofautisha ni rahisi: weka kipande mdomoni. Gundi ya mgunga inayeyuka kimya kimya na haina ladha. Ubani unakuwa kama bigijii, na nyumba nzima itajua. Fungu moja la gundi kwa mafungu mawili ya maji, usiku mmoja, kisha chuja kwa kitambaa.

La pili. Masizi hayataki maji. Yanaelea juu, ukikoroga yanapanda kwenye kijiko na kwenye shati. Nikatia povu la sabuni ya kipande, yakakubali mara moja. Wino ulikuwa mweusi mzuri. Nikachora mlango wa zamani wa Usambara Street, nikausubiri ukauke, nikapaka manjano juu ya kuta, nikijua yatapauka lakini nikitaka tu kuona. Kando ya kila mstari manjano yakageuka mekundu ya damu ya mzee. Nilidhani nimekata kidole. Sabuni ya kipande ina magadi ndani yake, na manjano yakiguswa na magadi hubadilika kuwa mekundu. Kila mwanamke aliyewahi kufua kanga yenye doa la mchuzi anajua. Siku hizi natumia matone machache ya spiriti (1,500) kuyalainisha masizi, kisha ndiyo natia gundi na kusaga mgongoni mwa sahani kwa chini ya glasi.

La tatu ndilo lisilo na dawa. Wino huu ukikauka na ukapitishiwa brashi yenye maji, unaamka tena, kwa sababu gundi inayeyuka. Nilimpelekea bibi mchoro uliochafuka hivyo. Amelelewa Pangani, babake alikuwa akiandika kombe, zile aya za zafarani kwenye sahani zinazooshwa kwa maji ya marashi mgonjwa akanywa. Akacheka hadi ushungi ukamwanguka. "Mume wangu, wino wa watu umetengenezwa utoke, we wataka usitoke!" Kisha akanipa ushauri ambao sikuupata kokote: paka rangi kwanza, iache ikauke, mistari ije mwisho. Ndivyo ninavyofanya. Kwa mchoro unaoanza na mistari, natumia ile kalamu ya 7,000 au peni.

Jumla 33,500.

5 Mei

Masika. Mvua siku tisa mfululizo, mashuka ya gesti hayakauki, na kifuniko cha chupa ya wino nimekifungua nikakuta sufi ya kijivu. Rangi ya udongo pia, niliyokuwa nimeiweka kwenye visoda, imeota ukungu wa kijani kwenye visoda vinne kati ya sita.

Rangi hii ya udongo sijaieleza. Udongo nauvuruga kwenye chupa ya maji, nahesabu hadi kumi, mchanga unazama, maji yenye tope nayamimina chupa nyingine na kuyaacha yatulie siku mbili. Kinachobaki chini ni laini kama wanja. Nakausha, nasaga na gundi na tone la asali ili isipasuke. Asali na gundi: karamu ya ukungu.

Jirani yetu ni Unguja na Pemba, jibu lilikuwa karibu. Mafuta ya karafuu yanaua ukungu, na watengeneza rangi wameyatumia kwa kazi hiyo kwa muda mrefu. Chupa ndogo 5,000. Tone moja kwa kijiko cha chakula cha gundi. Tangu nitie, hakuna kitu kilichoota.

Lakini niliona tone moja ni dogo nikatia manne, nikamimina rangi kwenye kisanduku cha plastiki cha rangi za shule. Kesho yake plastiki ilikuwa imelainika na kufanya ukungu wa aina nyingine, inanata kidoleni. Mafuta ya karafuu yanakula baadhi ya plastiki. Sasa rangi zangu zinakaa kwenye makombe ya chaza niliyookota Raskazone, yanashika vizuri na yakianguka sakafuni sijali. Na bati zima linanukia pilau.

Jumla 38,500.

22 Juni

Kushona daftari. Karatasi za wanga zilizosalia zilikuwa 13, nikaongeza manila mbili nilizobaki nazo na kuzilisha wanga.

Niko Tanga, kwa hiyo nilianza na mkonge. Ilikuwa ni mapenzi ya mji zaidi ya akili. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliuleta mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na mashamba ya kwanza ya hapa yakatokana na hiyo. Nikaona daftari la Tanga lishonwe kwa kamba ya Tanga. Kamba ya 1,000, niliyoichambua nyuzi. Inakata karatasi kama msumeno. Nilipovuta fundo la mwisho, matundu matano yakaungana kuwa mpasuko mmoja.

Nikaenda kwa fundi viatu, mzee anayekaa chini ya mkungu karibu na soko. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kiatu kiko wapi?" Nikamwonyesha daftari. Aligeuza kurasa moja moja, akasimama kwenye mchoro wa feni, akasema tu, "Hii inapiga kelele." Kisha akanipa nailoni yake ya 1,500, akanionyesha kuipitisha mara mbili kwenye nta ya nyuki (1,000) ili isiteleze, na akatoboa kwa msharasi, matundu yote kwa mara moja, akiwa ameziweka kurasa kwenye mkunjo wa gazeti. Nilimpa 2,000, akazipokea baada ya kubishana.

Kosa langu lilikuwa limeshafanyika kabla ya kufika kwake. Karatasi ina mkondo, kama mbao. Ukiikunja kufuata mkondo inatii, ukiikunja kuupinga inajitutumua. Mimi nilikata manila bila kuangalia, nusu hivi nusu vile, na sasa daftari likikaa kwenye hewa ya unyevu linafunguka lenyewe kama samaki aliyekufa. Kipimo: shika karatasi, ikunje polepole bila kuivunja, upande mmoja kisha mwingine. Upande unaokubali kwa urahisi zaidi ndio mkunjo wa mgongo. Sekunde tano tu.

Jalada ni boksi la friji lililovikwa kipande cha kanga ya mama iliyochakaa. Jina la kanga limeangukia mgongoni, nusu yake, haisomeki.

Jumla 44,000.

20 Julai

Nimevunja masharti. Nimeagiza Dar, mzigo ukaja na basi: bloku ya karatasi ya rangi za maji, gramu 300, A4 kumi na mbili, 38,000, seti ya rangi kumi na mbili za vibonge vidogo 85,000, brashi yenye tangi la maji kwenye mpini 9,000, basi 5,000. Ni 137,000, na jumla imeruka hadi 181,000. Mshahara wa mwezi huu umejua.

Kwa kuwa fedha ilishatoka, nikafanya jaribio moja la haki. Mchoro mmoja, boti ya Sahare, mara nne: rangi za shule kwenye manila ya wanga, rangi za shule kwenye gramu 300, rangi mpya kwenye manila, rangi mpya kwenye gramu 300. Nikawaonyesha watu watano waliopita mapokezi bila kuwaambia kitu, wapange mzuri hadi mbaya.

Nafasi ya kwanza, wote walichagua rangi mpya kwenye karatasi mpya. Hilo halishangazi. Nafasi ya pili ndiyo iliyonikata maini: wanne kati ya watano walichagua rangi za shule za 4,500 kwenye karatasi nzuri, mbele ya rangi za 85,000 kwenye manila. Nimezitazama tena leo asubuhi kwa mwanga wa mchana na nakubaliana nao. Kwenye karatasi nzuri rangi duni inapata muda wa kutulia, hata chaki iliyochanganywa ndani yake inakaa kama ukungu wa asubuhi. Kwenye manila rangi nzuri inanyweka kabla haijaonyesha kitu.

Na katika zile kumi na mbili natumia nne. Bluu ya ultramarini, iliyoandikwa PB29 kwenye kibandiko (andiko hilo ndilo la kulitafuta, majina ya mbele hubadilika kwa kila kampuni), njano moja, nyekundu moja, na kijani ambacho sikihitaji ila ni kizuri. Kahawia zote nimerudi kwenye udongo wa Muheza. Kama ningeanza upya, 38,000 zingeenda kwenye karatasi mwezi wa kwanza, na rangi za shule ningekaa nazo mwaka mzima.

Brashi yenye tangi ni starehe ya zamu ya usiku: hakuna kikombe cha kumwagikia daftari la wageni. Ilitokea mara moja, mwezi wa tatu. Sikuandika.

17 Agosti

Daftari la pili, karatasi za gramu 300 zilizokatwa nusu na kukunjwa. Nilizikunja nne kwa pamoja kama zile za manila, mgongo ukatuna na mkunjo wa nje ukapasuka. Sasa nakunja moja moja, baada ya kupitisha mgongo wa kisu cha mezani kwa rula kwenye mstari wa mkunjo, na kila moja inashonwa peke yake. Linafunguka bapa. Mkondo safari hii niliukagua.

Bati lina hivi: kalamu ya chembe moja (ya pili, 7,000, ncha ya kwanza ililiwa na uso wa wanga uliosuguliwa vibaya), peni nyeusi, penseli fupi, brashi ya tangi, makombe manne ya chaza, vibonge vinne, kitambaa, kauri. Chupa ya wino wa masizi inabaki nyumbani, ilishamwagika kwenye begi. Jumla ya mwisho 188,000.

Kurasa 40 kwenye la kwanza, sita kwenye la pili. Leo nimechora viatu vya mgeni wa chumba namba saba, alivyoviacha nje ya mlango vikiwa na matope ya Lushoto. Matope yalikuwa bado mabichi, nikachovya brashi humo humo.